Chausiku Alienda Wapi

Chebet,

Mjukuu wangu, salamu ziko hapa, zichukue mwenyewe. Umeenda Mogogosiek kupiga picha za chuo na mvua imekushika huko, kwa hivyo nina mchana mzima. Kesho saa kumi na mbili asubuhi unaondoka kwenda Eldoret. Nimekaa jikoni na karatasi. Nilidhani nitasikia kitu kifuani. Sisikii. Ni kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, lakini ukiufinya haujibu.

Mambo ya blanketi, ya kuomba kabla ya kulala na ya wavulana hayako kwenye barua hii. Mke wa mchungaji amekuambia wiki nzima, na kwa vile anapenda kuyasema, tumwachie. Mimi nina jambo moja tu. Ukiona nazunguka, vumilia. Mtu wa darasa la pili hafiki haraka. Na herufi zangu ukiziona zimelala upande kama ng'ombe mgonjwa, usicheke. Nilijifunzia mtelemkoni.

Ni kuhusu kile kitabu chako cha riwaya. Kile ulichokuwa unanisomea mwaka jana wakati wa likizo, tukipukuchua mahindi. Wewe ulidhani nasinzia. Sikuwa nasinzia. Nakikumbuka chote. Msichana Mwanaidi, mpole, mwoga, akiulizwa jina anaangalia vidole vya miguu. Na rafiki yake Chausiku, mdomo wazi, anacheka msikitini, anagombana na wauza maji. Ulinisomea jinsi Chausiku alivyomvuta Mwanaidi mpaka akasimama mbele ya baba yake mkali akasema anataka shule. Ile sehemu nzuri. Hata niliacha mahindi.

Halafu kitabu kikaendelea, sura moja, sura mbili, Mwanaidi yuko mjini, amevaa koti la daktari. Nikakuuliza, "Na Chausiku alienda wapi?"

Ukafungua nyuma, ukafungua mbele. Ukasema, "Alihama na mama yake, kogo. Sura ya tisa."

"Alihamia wapi?"

"Haijasemwa."

"Aliolewa? Alikula nini?"

Ukacheka. Ukasema, "Kogo, Chausiku si muhimu. Yuko pale ili Mwanaidi akue. Mwalimu alisema hiyo ndiyo itakuja kwenye mtihani: jinsi rafiki aliye tofauti anavyomkuza mhusika mkuu. Kazi yake iliisha."

Nikasema mwandishi huyo hana adabu. Ulicheka tena, ukaenda ukaandika insha, mwalimu akakupa alama nyingi, ukaniletea nione wino mwekundu. Niliona. Niliisoma yote, polepole, siku mbili. Umeandika vizuri. Chausiku ana kelele, Mwanaidi ana ukimya. Chausiku haogopi, Mwanaidi anaogopa. Mmoja anapiga mwamba, mwingine anapata maji. Hakuna mahali umekosea. Lakini lile neno lako la jikoni, kwamba kazi yake iliisha, halikuwa kwenye insha, na ndilo lililobaki hapa na mimi. Nikikoroga uji, lipo. Nikikamua ng'ombe, lipo.

Sasa sikiliza habari ya Akinyi. Hujawahi kuisikia kwa sababu sijawahi kuisema. Hata mama yako hakuisikia, na alikaa na mimi miaka mingi kabla ya kukuacha kwangu ukiwa na miaka mitatu na kwenda kuolewa Narok.

Nilipokuwa na umri kama wako, nikiwa na mama yako mgongoni, nilikuwa nachuna chai kwenye shamba kubwa la kampuni, tukikaa kwenye nyumba za laini, zile safu za wafanyakazi. Nilikuwa na mikono ya haraka. Si kujisifu, uliza mtu yeyote aliye hai. Na nilikuwa na kiburi. Nikitoka kwa mlango nilitembea kama mtu anayeangaliwa. Sikuomba kitu kwa mtu. Nikiulizwa jambo nisilolijua, nilijibu hivyo hivyo. Kulikuwa na ubao wa matangazo pale ofisini, na mimi nilisimama mbele yake kila asubuhi, mikono nyuma, nikitingisha kichwa kama msomaji. Sikujua hata herufi moja; ya darasa la pili yalishapotea zamani.

Akinyi alitoka upande wa ziwa. Bwana yake alifanya kazi kiwandani mwaka mmoja, akachoka na baridi, akarudi kuvua samaki. Yeye akabaki, nyumba ikaandikwa jina lake. Walimweka mstari wa pili kutoka kwangu. Mrefu, mweusi tii, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alichuna polepole kama anayechagua mchele. Alifika darasa la saba, lakini ungemsikia! "Mimi sijui hii." "Nionyeshe tena, sijashika." "Bwana karani, sema polepole, mimi ni mtu wa samaki." Alisema mbele ya watu, bila aibu, na watu wakacheka, na yeye akacheka zaidi yao. Mimi nilimwona mjinga kabisa.

Siku moja alinikuta pale kwenye ubao. Akasimama nyuma yangu. Akauliza, "Wamesema nini leo, nyar Kipsigis?" Aliniita hivyo, binti wa Kipsigis, kwa lugha yao.

Nikasema, "Wamesema tuwahi."

Akasoma kimya. Halafu akasema polepole, mdomo karibu na sikio langu, "Wamesema kesho ni sikukuu, hakuna kazi. Lakini wewe ukitaka, wahi."

Nilimchukia siku tatu. Siku ya nne, wakati wa chakula, alichukua ufito wake. Unajua ule ufito mrefu tuliokuwa tunaulaza juu ya mimea, kinachosimama juu yake ndicho unachuna, kilicho chini unakiacha. Akachora ardhini, kwenye udongo mwekundu kati ya mistari. Akasema, "Hii ni R. Ni ya Rael. Ni wewe. Ona ilivyosimama na kifua mbele na mguu mmoja nje, kama wewe kabisa." Nikatazama kando. Akaifuta kwa kiatu. Kesho yake akaichora tena.

Hivyo ndivyo nilivyosoma, Chebet. Miezi mingi, wakati wengine wanakula viazi. Nimesimama, mtelemko mkali, kichwa upande mmoja. Kwa hivyo herufi zangu zimelala. Kila herufi kwenye karatasi hii ni ya Akinyi.

Kuna wakati nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema, "Wanatafuta nyapara mwanamke wa sehemu hii. Anatakiwa mtu wa kusoma majina na wa kugomba. Kugomba unajua. Wewe ukipata, mimi nitapumzika, kwa sababu utaona aibu kunipigia kelele."

Nikamwambia, "Nitakupigia wewe wa kwanza."

"Jaribu. Basi lenyewe unaita pasi, kelele utaiweza?"

"Na wewe shamba unaita samba!"

Tulicheka mpaka nyapara wa wakati huo akapiga filimbi.

Sasa kosa langu. Wewe umekua kwenye chai, utalielewa. Huko Eldoret usiwahadithie, watauliza mbona kosa dogo hivi. Nilikuwa nashindilia. Kikapu kikijaa, nilikiweka chini nikayakandamiza majani kwa goti, nikajaza tena, ili nishuke kwa trekta mara moja wakati wengine wanashuka mara mbili. Niliona ni nguvu. Akinyi aliniambia, "Majani yanataka kupumua, Rael." Nikamwambia majani si mtoto.

Gunia letu lilikuwa moja, mimi na yeye. Ndivyo tulivyofanya, wawili wawili, mnamwaga vikapu kwenye gunia moja na mnalibeba kila mtu upande wake. Siku hiyo kulinyesha, trekta likakwama matopeni tangu asubuhi mpaka saa nane. Lilipofika, karani akatia mkono ndani ya gunia letu. Akautoa haraka. Kulikuwa na joto kama kwapa la mtu mwenye homa. Akalimwaga. Juu kijani, chini kijani, katikati yote yamekuwa mekundu na yananuka. Na juma hilo hilo kiwanda kilikuwa kimerudisha majani ya sehemu yetu, karani alikuwa na hasira ya kutoka juu.

"Ni nani ameshindilia hapa?"

Watu wakasogea nyuma. Nilijua. Akinyi alijua. Alinigeukia, si kwa hasira, aliniangalia tu kama mtu anayekupisha mlangoni uingie kwanza. Mimi nikaangalia gambuti zangu za mpira. Zilikuwa na tope mpaka hapa. Naweza kukuchorea lile tope mpaka leo.

Akinyi akasema, "Ni mimi, bwana karani. Sikujua."

"Hujui? Miaka mitatu?"

"Ya samaki najua. Ya majani bado."

Watu wakacheka. Hata mimi, Chebet. Nilisikia kicheko changu kikitoka.

Walimwondoa kazini. Na nyumba ilikuwa ya kazi, kwa hivyo nyumba pia. Wakampa mpaka Jumamosi. Siku nne tulipitana kwenye bomba la maji na hakusema neno, wala mimi sikusema. Nilingoja anigombeze ili nimgombeze. Hakunigombeza.

Jumamosi asubuhi lori lililokuwa linashuka kwenda upande wa Sigowet likasimama pale laini. Mimi nilikuwa juu kwenye chai. Haikuwa zamu yangu. Nilienda tu. Nikamwona anapakia godoro, anapakia jiko, halafu akaja mlangoni kwangu akasimama. Akaita, "Rael!" Unajua chai inakufikia kiunoni, ukichuchumaa hakuna anayekuona. Nikachuchumaa. Mama yako alikuwa mgongoni, nikamziba mdomo kwa mkono. Akaita tena. Mara ya tatu akaita, "Nyar Kipsigis!" na ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, kilima kizima kikasikia. Nikakaa chini mpaka nikasikia lori limewaka.

Niliporudi, ufito wake ulikuwa umeegemezwa mlangoni kwangu.

Wiki iliyofuata wakanipa unyapara. Nikasimama mbele ya watu na daftari, nikasoma majina bila kukwama hata moja. Jina lake lilikuwa katikati, limepigwa mstari wa wino juu yake. Nikaliruka. Nikasoma linalofuata. Watu wakapiga makofi kwamba Rael anasoma kama mwalimu.

Kutoka pale maisha yangu uliyasikia kanisani, wanapenda kuyasimulia. Nyapara wa kike wa kwanza sehemu ile. Aliyenunua hii nusu ekari. Aliyejenga, aliyesomesha. Yote ni kweli. Ungeyaandika kwenye insha ungepata alama, na Akinyi angekuwa pale sura ya kwanza na ya pili, mtu wa kelele kando ya mtu wa kiburi, halafu akahama.

Nilikuwa nasema nitaenda kumtafuta. Chai ikiisha kupogolewa, nitaenda. Mtoto akimaliza darasa, nitaenda. Kutoka hapa mpaka ziwani si ng'ambo ya dunia; watu wanaenda asubuhi na kurudi jioni na samaki.

Wiki ile barua yako ya chuo ilipokuja, nilienda soko la Sigowet. Kuna mama anauza omena pale, wale dagaa wa ziwani, ni mtu wa kwao Akinyi. Sijui kwa nini nilimuuliza siku hiyo, nimenunua kwake miaka. Nikasema, kuna mwanamke aliitwa hivi, alifanya kazi ya chai, mrefu, ana sauti. Akasema, "Huyo wa sauti? Tulimzika mvua iliyopita." Akaendelea kupima omena. Akasema, "Alikuwa akichekesha watu na habari za huku kwenu. Alikuwa na rafiki Mkipsigis anayesoma kama mwalimu." Akaniwekea ya nyongeza.

Sikulia. Nikafunga omena, nikapanda gari, nikaja nikapika, ukala, ukasema tamu. Tangu siku hiyo niko hivi unavyoniona. Ulidhani ni kwa sababu unaondoka. Mke wa mchungaji naye anadhani hivyo, ameniombea mara mbili. Mwache aombe.

Sasa nimefika.

Rafiki yako Mercy amekuja hapa mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa bafuni. Mara ya pili ulinipungia mkono kutoka chumbani, nikamwambia umeenda kwa shangazi, na yeye akaona viatu vyako hapo mlangoni, Chebet. Aliviona, akavipita kwa macho, akasema, "Sawa, kogo, mwambie nimepita." Mara ya tatu ni jana. Ulichuchumaa nyuma ya kitanda. Nilikuona kwa mlango. Ulichuchumaa hivi, magoti kifuani, kichwa chini. Hakuna aliyekufundisha. Nilisimama pale nikaona mgongo wangu mwenyewe.

Nilipotoka nje alikuwa ameshaenda. Kwenye kizingiti ameacha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mama yake ameyapaka mkaa vizuri, ametia kifuniko kipya cha ngozi. Yamekaa pale mlangoni yameegemea ukuta. Ulipita ukayaona ukasema, "Ah, Mercy naye," ukayaingiza ndani.

Nilikuuliza mna nini. Ukasema, "Hatuna kitu, kogo. Kila mtu ana njia yake." Ukasema yeye alipata D kwenye mtihani na sasa anachuna chai, mtaongea nini. Ukasema ukimwona utasikia vibaya. Sasa umesema ukweli mmoja. Utasikia vibaya. Mimi ningetoa hii nusu ekari nisikie vibaya siku moja tu.

Umesahau wewe ulikuwa nani? Darasa la nne hukuwa unaongea. Mwalimu alinipigia simu kuuliza kama una ugonjwa wa koo. Ni Mercy aliyesimama darasani akakushika kola ya sweta, akakuinua kama paka, akasema, "Mwalimu, mimi sijui, lakini Chebet anajua!" Alinihadithia yeye, wewe ulikuwa unalia kwa aibu. Kila siku, "Mimi sijui, Chebet anajua," mpaka ukaanza kusema mwenyewe. Sasa unaongea mpaka redio inanyamaza. Nani alikupa?

Usiniambie utamtafuta ukirudi Disemba. Namjua mtu anayesema hivyo.

Sikuambii umpende kama zamani. Labda kweli mmeachana. Watu huachana, si dhambi. Sikuambii umchukue aje kukaa na wewe chuoni, wala umwahidi kitu. Mimi sijui wasichana wa siku hizi wanaambiana nini. Ona, nimeandika neno hilo, sijui, na mkono haujakatika. Lakini mtu asimame mlangoni kwako akuite kwa jina lako, na wewe uwe unapumua nyuma ya kitanda, hapana. Si nyumbani kwangu mara ya pili.

Kwa hivyo nimefanya jambo na utakasirika. Yule wa pikipiki uliyempanga kuja kubeba sanduku lako, nimempigia nikamwambia asije. Usimpigie tena, nimemwambia akikubali atanitambua. Sanduku ni lile lile la bati ulilokwenda nalo bweni miaka minne. Kila muhula mlilishusha nyinyi wawili mpaka barabarani, yeye kishikio hiki wewe kishikio kile, na kelele zenu nilizisikia mpaka kona. Mgongo wangu ulivunjwa na kikapu, sitaweza upande wowote. Mtu mmoja halibebi. Utaenda kwa kina Mercy leo jioni ukirudi, kibuyu ukiwa umekiosha, umrudishie mkononi kwake, na umwombe kwa mdomo wako mwenyewe. Akikataa, amekataa, ana haki. Utalivuta peke yako kwenye matope, na nitaangalia.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku, uikute kabla hujavua koti.

Kesho mtakaposhuka, sitawasindikiza mpaka barabarani. Nitakuwa juu kwenye chai, pale mpakani. Usidhani nimejificha. Nitasimama wima, na nitashika ule ufito wa Akinyi juu ili uonekane. Ukifika kona, geuka uniite. Ita kwa nguvu. Nitaitika.

Kogo yako,
Rael